Hapa Hakuna Shida

Kavira aliingia katika komite ya mapokezi kwa sababu ya Hadjara, na hilo hakumficha mtu.

Hadjara alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kilimo, mtoto wa Beni, binti wa mzee Hamisi anayesafirisha mizigo kwa malori mawili. Alikuwa mfupi, mtulivu, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mwaka uliotangulia, Kavira alipofika Butembo kutoka Lubero na gunia la viazi na barua ya chuo iliyolowa mvua, Hadjara ndiye aliyemkuta amesimama mbele ya ofisi hajui aanzie wapi. Hakumuuliza mengi. Alishika upande mmoja wa gunia akasema, "Twende, dada. Mustari ya kweli iko kule nyuma. Hii ni ya batu banapiga habari tu." Tangu siku ile, kama Hadjara angemwambia avuke mto Semuliki kwa miguu, Kavira angeuliza tu kama avue viatu au abaki navyo.

Basi mwaka huu chuo kilipotangaza kwamba kitapokea wanafunzi kutoka nchi nyingine, na kwamba kinatafuta wanafunzi wa kujitolea kuwapokea, Hadjara aliandika jina lake la kwanza, na Kavira la pili. Wa tatu alikuwa Paulin, kijana mrefu wa mtaa wa Mususa aliyejua Kiingereza kwa kutazama filamu na kwa kuishi miaka miwili kwa mjomba wake Kampala. Wengine wanne walifuata. Hakuna aliyeahidiwa kitu ila jile ya manjano, kizibao chenye jina la komite mgongoni, na hata hizo jile zilikuja tano kwa watu saba.

Orodha ya wageni ilikuwa na majina matano. Kufikia mwezi wa tisa yalibaki mawili. Wengine walisikiliza redio, wakaghairi. Aliyebaki wa kwanza alikuwa Biira, msichana wa Kasese, ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Wa pili aliitwa Nyandeng, wa Juba, Sudani Kusini. Wote wawili wangesoma kilimo, lakini kwanza mwaka mzima wa Kifaransa.

Kavira alipewa kazi ya kuwaandikia kwa simu, kwa jina la komite. Alisema kwa Kiswahili, Paulin akageuza kwa Kiingereza. Aliwaeleza baridi ya Butembo, sweta za kubeba, njia ya kupita: tangu barabara ya Goma ifungwe, kila mtu anaingia kwa Kasindi. Biira alijibu kwa utani na picha za kucheka. Nyandeng alijibu kwa neno moja moja. Halafu, siku kumi kabla ya safari, Nyandeng akauliza swali lake la pekee: je, huko kwenu kuna usalama?

Kavira alilibeba swali hilo mchana kutwa kama mtu aliyebeba yai. Aliwafikiria wale watatu waliojitoa. Aliufikiria mlango wa chumba walichokipaka rangi kwa mikono yao, vitanda viwili, blanketi lake mwenyewe la Lubero alilolitandika kwenye kitanda cha dirishani. Mwishowe akamwambia Paulin:

"Andika: njoo bila woga. Hapa hakuna shida."

Paulin aliinua kichwa. "Hakuna shida? Hata kidogo?"

"Andika tu. Ukimuambia ingine, hatakuja."

Paulin akaandika.

Wageni walitarajiwa Butembo siku ya Jumapili. Jumamosi asubuhi tangazo likapita mjini: Jumatatu na Jumanne ni ville morte. Watu waliouawa katika mashamba ya vijiji vya Beni walikuwa wengi mno wiki hiyo, na miji yote miwili ingefunga maduka, shule na barabara ili kulia na kukasirika pamoja. Mchana mwenye basi akapiga simu: abiria wa Kasindi watashukia Beni, basi halifiki Butembo, na tangu Jumapili saa nane hakuna gari litakalopanda huko.

Komite ilikutana chini ya veranda ya maktaba. Mmoja alisema wageni waambiwe wabaki Kasese. Mwingine akasema wamekwisha kuondoka, wako njiani. Hadjara aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

"Batalala kwetu," akasema. "Mama yangu nimekwisha kumuambia. Kesho nakwenda Beni kuwangojea. Nani anaenda na miye?"

Kavira aliinua mkono kabla sentensi haijaisha.

Jumapili baada ya misa walipanda gari dogo, wakashuka kutoka kwenye baridi ya Butembo mpaka kwenye joto la Beni. Saa nane mchana basi la Kasindi likaingia, jekundu kwa vumbi hadi kwenye vioo. Wa kwanza kushuka alikuwa msichana mnene mwenye kicheko, akatazama zile jile mbili za manjano, akapaza sauti kusalimu:

"Wabukire!"

"Wavukire!" Kavira akajibu bila kufikiri, kisha akashangaa. Ilikuwa Kinande chao kabisa, ila pale wao wanaposema *v* mgeni alisema *b*. "Weye njo Biira?"

"Ndiyo mimi. Na wewe?"

"Kavira."

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko pamoja, kwa sababu ni jina moja. Mpaka ulipita katikati ukalikata, nusu likabaki Kasese na nusu Butembo. Biira alimkumbatia kama mtu aliyemkuta ndugu wa tumbo moja. Kavira alijisikia amefaulu kazi yake yote kwa dakika tatu.

Nyuma yao Nyandeng alishuka polepole. Alikuwa mrefu sana, mweusi wa kung'aa, na sanduku kubwa lililovunjika gurudumu moja. Alisalimia kwa kichwa. Kavira aliona kwamba macho yake hayakutazama nyuso za watu pale parking ya mabasi. Yalitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine, kuona imeshika nini.

Kwa mzee Hamisi waliwekewa maji ya kuoga, kisha bugali, sombe ya majani ya muhogo na nyama ya mbuzi. Mzee mwenyewe aliwakaribisha amesimama, akamwita kila mmoja "binti yangu". Mkewe, Mama Zawadi, hakujua Kiingereza wala Kiarabu cha Juba, lakini alimwekea Nyandeng nyama mara tatu bila kuuliza. Hadjara alijaribu Kiarabu chake cha madrasa. Nyandeng alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia Biira kitu kwa Kiingereza, na Biira akacheka hadi akashika ubavu.

"Anasema unaongea kama kitabu cha sala. Anaelewa, lakini anaona aibu kukujibu bila kutawadha."

Hadjara naye akacheka. Ulikuwa mchana mzuri.

Jumatatu, jua lilipoanza tu kupanda, mtaa mzima ulilipuka. Kwanza filimbi moja, halafu kumi, halafu sufuria, masahani, mabati, mifuniko. Kila nyumba ilitoa chuma chake na kukipiga. Ndivyo Beni inavyolia ikichoka. Mtu wa pale anajua maana yake hata akiwa usingizini. Kavira alikuwa uani anapiga mswaki. Alimwona Nyandeng akitoka mlangoni bila viatu, akisimama, akisikiliza, kisha akirudi ndani kwa kasi. Komeo likalia. Kikafuata kishindo cha kitanda kikiburutwa mpaka mlangoni.

Biira alibisha, akaita kwa Kiingereza. Aliita tena. Baada ya muda mrefu simu ikasukumwa chini ya mlango, kioo juu, inawaka. Hadjara aliinama akaiokota. Yalikuwa maneno ya Paulin, na Biira akayasoma kwa sauti kwa Kinande, bila kujua yametoka kwa nani: *Njoo bila woga. Hapa hakuna shida.*

"Ni nani aliandika hii?" Hadjara akauliza.

Kavira alihisi povu la dawa ya meno likimkauka mdomoni. "Ni miye, yaya," akajibu, kwa neno lao la kumwita dada mkubwa.

Alingoja karipio. Alitamani hata lije haraka. Hadjara alikaa sakafuni kando ya mlango, akapigapiga saruji kwa kiganja, kumwonyesha mahali pa kukaa.

"Basi weye njo utaongea wa kwanza."

Kavira akakaa. Alizungumza kwa Kinande, sentensi moja moja, na Biira aliyesimama juu yao akapitisha kila sentensi kwa Kiingereza kupitia ubao wa mlango. Alisema kelele hizo ni sufuria, si bunduki, wanaozipiga ni akina mama na vijana wanaolia wafu wao. Akasema wafu hao ni wa kweli. Akasema alipoulizwa juu ya usalama alijua jibu, akaogopa kulisema, kwa kuwa majina matatu yalikwisha kufutwa na kitanda kilikwisha kutandikwa. "Nilitaka uje. Nilikudanganya ili uje. Unisamehe."

Kutoka ng'ambo ya mlango sauti ya Nyandeng ikasikika, chini, bila haraka, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na maneno mengi. Biira aliyakusanya yote kabla ya kuyageuza.

"Anasema sauti ya bunduki anaijua tangu utoto, hawezi kuichanganya na sufuria. Alichokiogopa si sufuria. Anasema kwao, watu waliokuwa wakiwaambia 'hakuna shida' ndio waliokuwa wa kwanza kukimbia. Asubuhi hii alipoona watu wanatoka na vyuma, alijiuliza: kama hawa walinidanganya juu ya hili, wakikimbia wataniambia?"

Kavira aliinamisha uso kwenye magoti.

Hadjara ndiye aliyejibu. Alisema kwa sauti ileile ambayo angemwelekeza mtu njia ya kwenda sokoni.

"Mwambie nilikuwa na kaka, Daudi. Miaka mitatu iliyopita alipeleka chumvi na sabuni Kamango kwa lori la baba. Wenye mapanga walilikuta njiani. Lori tulilipata limeungua, naye tulimzika hapa Beni. Baba alikaa wiki sita bila kuwasha gari lolote, kisha akawasha, kwa sababu watu wa Kamango wanakula chumvi kama watu wengine. Hii ndiyo nchi aliyoingia jana. Mwambie sina uwezo wa kumwahidi kwamba hakuna kitu kitatokea. Uwezo nilio nao ni huu: popote atakapokwenda, shuleni, sokoni, hospitali, kutakuwa na mmoja wetu pembeni yake mpaka mwenyewe aseme njia ameijua. Na Jumatano basi la Kasindi linaondoka. Akitaka kurudi, mimi mwenyewe nitamfikisha mpaka kizuizi cha mpaka, na hakuna atakayemsema vibaya."

Biira alipofika kwa Daudi alilazimika kuanza upya. Kavira alimtazama Hadjara kwa mshangao. Miezi kumi na miwili alikuwa rafiki yake, amekula naye, amesoma naye, na hakuwahi kusikia jina hilo. Alikuwa amemstaajabia kwa utulivu wake akidhani ni maumbile tu, kama urefu au rangi. Sasa aliona ni kazi, tena kazi ya kila siku.

Kitanda kilirudishwa mahali pake karibu na saa sita. Nyandeng alitoka, akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi pamoja na Mama Zawadi, ambaye alimtazama kwa furaha akasema:

"Mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe. Huyu hata hakungojea ya tatu!"

Jumanne nayo ilipita milango imefungwa. Jumatano maduka ya Beni yalifunguliwa. Parking, basi la Kasindi lilikuwa likipakia upande mmoja, na lori la mzee Hamisi, limejaa mifuko ya saruji, upande wa pili, linaelekea Butembo. Orodha ya chuo ingefungwa saa sita mchana siku hiyohiyo. Hadjara alisimama katikati ya magari hayo mawili, mkono juu ya lile sanduku bovu, akingoja kuambiwa alivute wapi.

Nyandeng alizungumza na Biira.

"Anasema ataenda kuona. Kuona si kukaa."

"Sawa," Hadjara akasema. "Aone."

Mzee Hamisi aliendesha mwenyewe. Wasichana wanne walijibana kabini na kwenye kiti cha nyuma cha kulalia dereva. Walipita Kabasha, wakapita Maboya, hewa ikaanza kupoa, Biira akaimba. Kilomita saba kabla ya kufika chuoni, kwenye kona, wakakuta mti mzima umelazwa barabarani na mawe mbele yake. Vijana wa Butembo walikuwa wameongeza siku ya tatu.

Mzee akazima gari. "Hawa hapana cheza nao," akasema. "Mutu mwenye hasira ya haki ni mugumu kuliko mwizi."

Kavira alimwona kiongozi wao akisogea, fimbo mkononi, kofia ya pikipiki kichwani, akamtambua. Alikuwa Sagesse, mwendesha pikipiki wa Mususa, jirani wa shangazi yake. Hadjara alikuwa ameshika kitasa cha mlango tayari. Kavira akamgusa bega.

"Yaya, acha miye."

Akashuka. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye mawe.

"Jambo, kaka Sagesse."

"Kavira? Unafanya nini mu gari ya Beni? Gari haipite leo. Hapana."

"Tuko na bageni. Babili. Moja wa Kasese, moja wa Juba. Banakuja kusoma kwetu, orodha inafungwa saa sita. Tangu Jumapili banalala njiani."

"Saruji nayo inakuja kusoma?"

Vijana wakacheka. Kavira akasogea hatua moja.

"Saruji ibaki. Gari ibaki. Papa Hamisi atangojea hapa na nyinyi mupaka mufungue. Miye naomba batu ba miguu tu. Juu ya hii barriere munalia batu yetu yenye banakufa. Ni haki, na miye nalia nayo. Lakini huyu dada wa Juba ametoka kwenye vita akakuja kwetu. Kama tunamurudisha kwa mawe, ataenda kusema nini juu ya wafu wetu?"

Sagesse aliitazama kabini. Nyandeng alikuwa ameshuka, amesimama wima kando ya lori, akiwatazama mikono kama kawaida yake. Sagesse akatazama fimbo yake, akaihamishia nyuma ya mgongo.

"Batu ba miguu bapite," akasema, akaionyesha injini ya lori kwa kidole. "Moteur hapana."

Wakati huohuo, kutoka upande wa mji, kikasikika kitu kikigongagonga barabarani kama ng'ombe wa mbao anayeteremka mlima. Ilikuwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na kanyagio inayobebea viazi, na juu yake Paulin, jile ya manjano inapepea, akifunga breki kwa kisigino cha kiatu. Nyuma yake walikimbia wenzao wanne. Hadjara alikuwa amempigia simu tangu Maboya akimwomba aulizie hali ya barabara. Paulin hakungoja kuulizia. Alimwomba jirani chukudu, akawaita wenzake, wakatoka.

"Hii je?" Sagesse aliuliza, akaizunguka chukudu. "Ni gari?"

"Haina moteur, chef," Paulin akajibu, anahema.

Vijana wa kizuizi wakabishana. Mmoja alisema gurudumu ni gurudumu. Mwingine akasema kama chukudu ni gari, basi hata mama yake mwenye toroli asipite. Sagesse akainua mkono.

"Chukudu haina moteur. Ipite."

Sanduku la Nyandeng likafungwa kwa mpira juu ya ubao, na lile la Biira juu yake. Vijana wawili wa kizuizi wakasaidia kuivusha chukudu juu ya gogo. Kisha safari ikaanza, watu tisa kwa miguu kwenye barabara tupu, Paulin akisukuma kwenye mpando na kupanda kwenye mteremko. Mteremko wa kwanza alipita karibu na Nyandeng akipiga kelele kwa Kiingereza kwamba breki yake ni kiatu na kiatu kina tundu. Nyandeng alisimama katikati ya barabara akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa isiyolingana na ukimya wake wote, mpaka wenzake nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Walifika chuoni saa sita kasoro robo, miguu imejaa vumbi. Karani alikuwa na kalamu mkononi, kitabu wazi. Biira aliandika jina lake haraka. Nyandeng alitoka kwanza nje, akatazama. Alitazama shamba la mafunzo na matuta yake ya maharage, madarasa ya matofali, chumba kilichopakwa rangi na watu wasiojua kupaka rangi, blanketi kwenye kitanda cha dirishani. Aliligusa blanketi. Kengele ya saa sita ilikuwa inagonga aliporudi kwa karani. Karani, Mungu amweke, alisikiliza kengele mpaka ikaisha bila kufunga kitabu. Nyandeng akaandika.

Mtu angedhani kuanzia hapo Biira ndiye angestawi na Nyandeng angeteseka. Haikuwa hivyo. Wiki ya tano, baba yake Biira alisikia habari za shambulio jingine karibu na barabara ya Kasindi, akapiga simu, akamwamuru mwanawe arudi kabla mpaka haujafungwa. Biira alilia siku mbili. Alimbembeleza baba yake kwa Lukonzo, hicho Kinande cha upande wao, akamtumia kaka zake, akamtumia hata padri wa kwao, baba hakulegea. Hadjara alitimiza neno lake: alipanda naye gari hadi Kasindi, akamfikisha kwenye kizuizi, akasubiri mpaka amevuka.

Kavira aliumia. Aliona kana kwamba yule mwenye jina lake amechukua nusu akaondoka nayo. Hadjara aliporudi, vumbi usoni, Kavira alimuuliza kama walikosea mahali.

"Hatukukosea," Hadjara akasema, akivua viatu. "Tulimupokea muzuri, tumemusindikiza muzuri. Mugeni si mufungwa, Kavira. Wasingya, asante, aliniambia pale mupakani mara tano. Sasa amuka, Nyandeng iko peke yake mu chumba, na daraja yetu imeenda."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Maneno yote kati ya Kavira na Nyandeng yalikuwa yakipitia kinywani mwa Biira. Jioni ya kwanza walikaa kila mmoja kwenye kitanda chake, kwa kuwa Kavira alikuwa amehamia chumbani asimwache peke yake, wakatazamana kama watu waliosimama kwenye kingo mbili za mto. Nyandeng alikunja uso, akatafuta, akatafuta, kisha akasema kwa Kiswahili cha Mama Zawadi, kwa sauti ya Mama Zawadi kabisa:

"Polepole. Weye unasema, miye nasikia. Miye nasema, weye hapana cheka."

Kavira alicheka, na Nyandeng akamtupia soksi.

Walianza hivyo. Kitu kimoja, majina manne: Kiswahili, Kifaransa, Kinande, Kiingereza, na Kidinka kikaja cha tano kwa kulipiza. Hadjara aliweka zamu ukutani, na komite ikaifuata. Daima kulikuwa na mmoja wao pembeni: Paulin sokoni, Kavira darasani, Hadjara hospitali siku ile homa ilipomshika. Mwezi wa pili tangu afike, Nyandeng alirudi kutoka sokoni peke yake na mafungu mawili ya mboga ya lengalenga, akayaweka mezani, akamtangazia Hadjara:

"Njia nimejua."

Hadjara alichukua kalamu, akafuta zamu ya soko, akaacha nyingine.

Jumapili moja ya Januari, mvua ikinyesha, mama yake Nyandeng alipiga simu kutoka Juba. Walizungumza muda mrefu kwa Kidinka. Kisha Nyandeng akamnyooshea Kavira simu.

"Anataka weye."

"Miye? Nitasema nini? Sijue luga yake!"

"Naye hajue yako. Chukua."

Kavira akaipokea kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamke mzima ilimjia, nzito, ya haraka, ikipanda na kushuka. Hakuelewa hata neno moja ila jina la Nyandeng lililorudiarudia. Alisikiliza mpaka mama akapumzika. Ndipo naye akaanza kwa Kinande, lugha aliyotumia kwa mama yake mwenyewe: akamweleza kwamba binti yake anakula vizuri, amenenepa kidogo, maharage ya tuta lake yameshinda ya wote, homa ilimshika ikamwachia, anakoroma akilala chali. Mama wa Juba akaitikia kila mahali ipasavyo. Akauliza kitu, Kavira akajibu kitu. Wakacheka pamoja. Kitandani Nyandeng alikuwa amejifunika uso kwa blanketi, mabega yakitikisika kwa kicheko, na mlangoni Hadjara alisimama na sufuria ya chai, hataki kuingia asije akawakatisha mazungumzo.